Mzee Asiyepitwa Njiani

Katika mtaa wetu wa Mtendeni hakuna aliyeruhusiwa kumpita njiani mzee mmoja wa mguu mmoja. Haikuwa sheria ya serikali wala ya dini. Ilikuwa sheria yake mwenyewe, na alikuwa na mkongojo wa mninga wa kuisimamia. Ukimpita, ulisikia kitu chako kimenaswa: kikapu, kofia, ncha ya kanga, siku moja hata kuku wa mtu. Kitu hicho kilikwenda kutundikwa kwenye msumari barazani kwake, na hukukipata mpaka uje uketi naye, umletee tumbaku kidogo na kumsikiliza hadi achoke. Na hakuwa mtu wa kuchoka upesi.

Sote tulimwita Kirangozi, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoifanya kabla ya reli. Enzi za misafara ya pembe na chumvi na majora ya nguo, mbele ya wapagazi wote alitangulia mtu mmoja mwenye joho jekundu na manyoya kichwani, akiijua njia ya Ujiji na ya pwani. Huyo ndiye kirangozi. Hakuna mpagazi aliyethubutu kutia mguu mbele ya mguu wake. Aliyethubutu alinyang'anywa mshale au fimbo, akaikomboa jioni kambini mbele ya wenzake wanaomcheka. Basi mzee wetu aliileta kawaida hiyo mjini, wakati misafara imeshakufa, Mjerumani ameondoka na Mwingereza ameingia, na mguu wake mwenyewe wa kushoto umekatwa chini ya goti. Alitembea polepole kuliko mtu yeyote Tabora, na sisi wote tulikuwa nyuma yake.

Mimi nilimwangalia kuliko wengine, na nilikuwa na sababu. Nilipokuwa mdogo nilishikwa na homa kali, na ilipopoa mguu wangu wa kushoto haukuamka tena vizuri. Ulibaki mwembamba, kisigino hakifiki chini, bega linapanda na kushuka kila ninapopiga hatua. Nikiwa nimekaa, huoni kitu. Kwa hiyo katika usichana wangu wote niliogopa jambo moja tu: kuonekana kutoka nyuma. Nikisikia mtu anakuja nyuma yangu nilisimama, nikajifanya naifunga kanga upya, mpaka apite. Msibani, sokoni, kisimani, mimi nilikuwa wa mwisho kuondoka na wa mwisho kufika. Mama alidhani ni uvivu, na nilimwacha adhani hivyo.

Sasa fikiria viwete wawili katika mtaa mmoja, mmoja hataki mtu awe mbele yake na mwingine hataki mtu awe nyuma yake. Watu walitutania. Walisema ukitaka kujua Mtendeni inaanzia wapi mtafute Kirangozi, na ukitaka kujua inaishia wapi nitafute mimi. Yeye alicheka. Mimi nilirudi ndani.

Ulipomuuliza mguu wake umekwenda wapi, jibu lilitegemea siku. Siku nyingine uliliwa na simba huko Ugogo. Siku nyingine ni mamba wa Malagarasi, naye alikuwa amewavusha wapagazi wote kwanza. Wageni kutoka pwani walipewa hadithi ya risasi ya ruga-ruga, wale wapiganaji wa watemi wa zamani. Mama yangu alikuwa akisema kwamba mzee yule, kama angekuwa na miguu yote aliyokwisha kuipoteza, angekuwa tandu.

Alikuwa mtu wa majigambo na nguo safi. Kanzu yake ilipigwa pasi hata siku za kazi. Kila alipopata pesa alinunua makubadhi, jozi nzima, akavaa la kulia, na la kushoto akalitundika ukutani pamoja na mengine ya kushoto yaliyotangulia. Ukuta ule ulikuwa na makubadhi mapya kuliko duka. Mtu akimwambia ayauze au ayatupe, alijibu, "Huyo mwenzake bado yuko njiani." Alisema kwa mzaha, lakini alikuwa akiyapaka mafuta yasikauke. Nilimwona mwenyewe. Mtu aliyetuambia kila siku kwamba miguu miwili ni ya watu wenye haraka, alikuwa akiutunzia viatu mguu uliozikwa zamani.

Kisa cha kofia ya Bwana Shauri kilivuma hadi Sikonge. Bwana Shauri huyo, Mwingereza aliyeamua kesi bomani, alikuwa kijana, mgeni, mwenye hatua ndefu. Akampita Kirangozi karibu na soko, mara kofia yake kubwa ya jua ikabaki juu ya mkongojo. Askari alitaka kupiga. Mkalimani akamweleza bwana wake kawaida ya misafara, na yule kijana, tumpe haki yake, akacheka. Kesho yake akamtuma tarishi na tumbaku nzuri kuifuata kofia. Kirangozi akaikataa tumbaku.

"Wewe hukunipita," alimwambia tarishi. "Aliyenipita ni bwana wako. Aje aketi hapa."

Bwana Shauri hakupendezwa tena. Akatuma askari wamlete mzee bomani. Wakaja, wakamwambia atembee, naye akatembea, na askari wenyewe walikuwa vijana wa Kinyamwezi ambao baba zao walikuwa wapagazi. Hawakuthubutu kumpita. Walipofika bomani ofisi zimefungwa. Siku ya pili ikawa vilevile. Boma likachoka likamwacha, na kofia ikabaki msumarini mpaka kuku wake mmoja alipoiona inafaa kutagia.

Mambo hayo hayakuwa ya kuchekesha kila mara. Alipofariki muuza kahawa wa mtaani, Kirangozi alitangulia mbele ya jeneza, na nyote mnajua maiti hatembezwi taratibu. Wabebaji wakakwama nyuma yake, jua linashuka, wanabadilishana mabega, hakuna wa kusema neno. Mwishowe imamu akalazimika kutamka kwa sauti kwamba maiti anaruhusiwa kupita. Jeneza likapita mbio na watu wote nyuma yake. Kirangozi akabaki peke yake barabarani. Mimi nilikuwa mlangoni kwetu nikamwona alivyosimama akiutazama ule umati unavyokwenda. Hakuonekana mwenye hasira. Alionekana mzee tu. Alifika makaburini watu wakiwa wanarudi, akasoma dua yake peke yake, na kesho yake alikuwa akidai kwamba marehemu amempita na atamkuta huko huko wanakokwenda wote.

Kulikuwa na mtu mmoja tu aliyempita bila kutozwa. Alikuwa bibi wa Kimanyema aliyeuza karanga mwisho wa mtaa, mkongwe kama yeye. Bibi huyo hakumsalimu. Alimpita katikati ya njia, kikapu cha karanga kichwani, na mkongojo haukuinuka. Niliwahi kumuuliza Kirangozi mbona yule anamwachia.

"Yule ametembea nyuma yangu vya kutosha," alisema. Siku hiyo hapakuwa na hadithi nyingine.

Mama ndiye aliyenieleza baadaye, kwa maneno machache, akiwa anapepeta mchele. Bibi yule aliletwa Tabora akiwa msichana, amefungwa shingoni pamoja na wenzake, katika msafara ambao Kirangozi ndiye aliyeuongoza. Kirangozi hageuki nyuma njiani, ndiyo desturi ya kazi yenyewe. Husikiliza sauti tu. Sijui alisikia nini siku zile. Nilimpenda mzee yule na sitaki kumpaka rangi. Aliyafanya hayo, aliyajua, na hakuwahi kuyapamba kwa simba wala mamba.

Nimeshasema kwamba nilimpenda. Lakini kuna miezi nilimchukia hasa, na ilianzia kwenye harusi ya mdogo wangu.

Bibi harusi alikuwa asindikizwe kwa miguu alasiri, kutoka kwetu hadi kwa mumewe Ng'ambo, kwa vigelegele na ngoma. Mama aliniambia kwa upole, "Wewe mwanangu baki utazame vyombo." Nilifurahi, na wakati huohuo moyo uliniuma. Nilikuwa nimeshashona nguo. Kirangozi, ambaye bila shaka ndiye angetangulia, alikuwa amesimama uani akasikia.

"Vyombo havina miguu," alisema. "Haviendi popote. Huyu binti anakuja."

Mama hakuweza kumbishia mbele ya wageni. Basi nikafuata, mwisho kabisa, nyuma ya watoto, nikijipa moyo kwamba wote wanatazama mbele. Tukatoka Mtendeni. Tulipofika njia kubwa, Kirangozi akasimama ghafla, msafara mzima ukasimama, ngoma ikanyamaza. Bila kugeuka akaita kwa ile sauti yake ya kuvusha mito:

"Wa mwisho yupo?"

Watu hawakuelewa. Akaita tena. Ndipo umati mzima, wanawake na wanaume, majirani na watu wa upande wa bwana harusi ambao hawakuwahi kuniona, wakageuka wakanitazama. Nilikuwa katikati ya njia, nje ya kivuli chochote, mguu mmoja mbele. "Yupo!" wakajibu kwa furaha, na ngoma ikaendelea. Baada ya nyumba chache akasimama tena. "Wa mwisho yupo?" Wakageuka tena. Ikawa hivyo hadi Ng'ambo. Nilifika nimelowa jasho, nikaingia chumba cha nyuma, nikalia mpaka sinia ya pilau ikaja na kuondoka.

Sikumwamkia tena. Kwa mtoto wa mtaa kutomwamkia mzee ni jambo kubwa, na mama alinigombeza sana, lakini sikumwamkia. Nikimsikia anakuja kwa ule mlio wa mkongojo, nilihamishia mkeka wangu ndani. Wakati ule nilikuwa nikishona kofia za kitobo, kazi inayofanyika umekaa, na niliona naweza kukaa hivyo maisha yangu yote. Kulikuwa na Mhindi mwenye duka la nguo barabara ya sokoni aliyeziona kofia zangu. Alituma maneno kwamba ana cherehani ya mkono isiyotaka mguu, na nafasi barazani kwake. Nilimwambia mama amjibu kwamba siwezi kutembea mbali. Haikuwa kweli. Niliweza kutembea. Sikuweza kutazamwa.

Kirangozi alikuja siku moja asubuhi, akakaa kwenye ngazi ya mlango wetu, mgongo umenielekea, kwa hiyo sikuweza kutoka bila kumruka.

"Mwangaluka," alisema, kama tunavyosalimiana nyumbani.

Nikaendelea kushona.

"Haya, usiitike. Unajua mguu huu ulikwenda wapi?"

"Kwa simba," nikasema kwa ukali. "Au mamba, nimesahau leo ni zamu ya nani."

"Funza."

Nikadhani anatania. Hakugeuka.

"Funza mmoja, chini ya ukucha wa kidole gumba. Tulikuwa tunatoka Ujiji, tumepita Uvinza kwenye chumvi. Jioni wapagazi wanakaa wawiliwawili, huyu anampa mwenzake mguu, anamtoa funza kwa mwiba. Kila jioni. Wanacheka, wanatukanana, kazi imekwisha. Mimi ni kirangozi, nina joho. Nimpe nani mguu wangu anishike kama mtoto? Niliona aibu. Nikamwacha. Kidole kikavimba, nikafunga kitambaa. Kikanuka, nikapaka mafuta mazuri watu wasisikie. Nilipoanguka mguu ulikuwa umeoza. Daktari wa Kijerumani aliukata hapa hapa Tabora. Kwa hiyo usimsingizie simba, mjukuu wangu. Ulioula mguu huu ni ule moyo wangu wa kuona haya."

Mama, aliyekuwa jikoni, aliacha kuchochea moto. Nadhani naye alikuwa akiusikia ukweli huo kwa mara ya kwanza.

"Walinibeba kwa machela," akaendelea, "na machela hukaa mkiani. Sikuwahi kukaa mkiani. Nimelala pale, vumbi la watu wote linaniingia mdomoni, wabebaji wangu wanabaki nyuma, wanapumzika, msafara unakwenda. Nilisikiliza njia nzima kama yule kijana waliyempa joho langu ataita. Kuuliza tu kama wa mwisho yupo. Hakuita. Nilipokuwa mbele mimi sikuwahi kuita pia, sikujua kama kuna haja."

Akachukua mkongojo wake akainuka kwa shida.

"Sikukuita siku ile ya Ng'ambo ili wakucheke. Kama ulilia, nisamehe. Mimi najua kuongoza wapagazi, sijui kuongoza mabinti."

Nikarudi kwenye kofia yangu. Lakini jioni nikiwa na sindano mkononi nilijikuta nafikiri jambo ambalo hasira ilikuwa imenizuia kuliona. Siku ya harusi watu walinitazama, kweli. Kisha waligeuka mbele wakaendelea kuimba. Ndivyo ilivyokuwa kila aliposimama. Waliuona mguu, wakajibu "yupo," wakaendelea na harusi yao. Jambo nililoliogopa tangu utoto lilikuwa limeshatokea, tena mara nyingi kwa alasiri moja, na wali ulipikwa na mdogo wangu akaolewa.

Baada ya siku kadhaa nilimwamkia. "Shikamoo babu." Akaitika "Marahaba" kama vile tuliagana jana, akauliza kama kwetu kuna tumbaku.

Nilianza kazi kwa Mhindi msimu wa mvua. Kirangozi alikwenda sokoni kila asubuhi, nami nikafuata nyuma, mbali. Mguu wangu haukupona, na haya haikunitoka kwa siku moja; nisikudanganye. Bado nilisubiri watu wote wanitangulie. Na kwa kuwa waliokuwa mbele yangu hawakuweza kumpita mzee, njia yote kutoka Mtendeni ilijaa watu kati yetu, wafanyakazi wa reli, wauza maziwa, wanafunzi wamechelewa, yeye kichwani na mimi mkiani. Mahali fulani lazima angeita. Mwanzoni walinijibia. Kisha siku moja kabla hawajageuka nikajibu mwenyewe, "Nipo!" Sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani. Kuanzia hapo nilijibu kila siku, na watu wakazoea, wakaacha hata kugeuka. Mhindi alisema anajua saa ya kufungua duka kwa kusikia makelele yetu.

Tulikwenda hivyo kwa miaka. Vita vya pili vikaja vikaisha. Bibi wa Kimanyema akafariki, na Kirangozi alikwenda mazikoni akatembea nyuma ya jeneza, mbali sana, peke yake, bila mtu kumwambia. Mimi nikaolewa, nikapata watoto, nikanunua cherehani yangu mwenyewe. Ule ukuta wa makubadhi ukaanza kupungua pia. Nilimkuta siku moja anayakata kwa kisu, ngozi nzuri ya kushoto, anatengenezea bawaba za banda la kuku. Nikamuuliza kama mwenzake ameshafika. "Hatakuja yule," alisema, akinipa ncha ya ngozi nimshikie. "Na mlango unalegea."

Mara ya mwisho kutembea naye ilikuwa kiangazi, asubuhi, jua limeshakuwa kali mapema. Kifua chake kilikuwa kimechoka. Ulisikia pumzi yake kabla ya mkongojo. Siku hizo watu walikuwa wameshaanza kupita njia ya uchochoroni ili wasimuudhi na wasichelewe, kwa hiyo tulikuwa wawili tu. Yeye mbele, mimi nyuma. Alisimama. Nikasimama. Nilisubiri aite, hakuita. Akasogea pembeni ya njia, akauegemea mkongojo.

"Tangulia," alisema.

Nikamwambia, "Babu, nitakusubiri. Sina haraka."

"Nimesema tangulia. Leo wa mwisho ni mimi."

Nilimkaribia. Nilikuwa naijua sheria, kwa hiyo kabla ya kumpita niliuvua mtandio wangu nikamnyoshea, nikiwa tayari kuja kuukomboa jioni kwa tumbaku na hadithi. Aliutazama, akaurudisha mkononi mwangu.

"Umetembea nyuma vya kutosha. Jitande, jua kali."

Nikajitanda. Nikampita. Nilikuwa na mtu nyuma yangu, ananitazama, bega langu linapanda na kushuka, kisigino hakifiki chini kama kawaida yake, na niliendelea kutembea. Nilitaka sana kugeuka nimwone, lakini nilikuwa nimefundishwa kwamba aliye mbele hageuki. Nilipofika kwenye kona ya barabara ya sokoni nikasimama.

"Wa mwisho yupo?" nikaita.

Nikasikia mkongojo ukigonga jiwe.

"Nipo!" akajibu.